Aliye Kwenye Mwanga

"Fumba macho kwanza, Dada. Na usichungulie."

"Humu mna vioo vitupu. Nikijikwaa utaniokota vipande vipande."

"Nimekushika. Twende."

Mdogo wake alikuwa amemshika kiwiko cha mkono wa kulia, ule uliosalimika, akimwongoza katikati ya karakana. Hakuhitaji macho kujua walipofika. Kwanza ilimjia harufu ya gundi, kisha ya mbao za fremu, kisha ile aliyokuwa akiihofia tangu alipotoka nyumbani: mafuta ya taa, yale machache ya kwenye kopo ambamo huchovywa almasi, kile kikalamu cha kukatia vioo. Harufu ilimpiga kifuani. Akasimama mpaka ikapita. Halafu shavu lake la kulia likahisi joto la dirisha kubwa la barabarani. Shavu la kushoto halikuhisi kitu.

"Meza yangu ni hii hapa," alisema, bado kafumba. "Mbona tunaipita?"

"Wewe twende tu."

Waliipita. Bawaba ngeni ililia, na rangi mbichi ikamwingia puani.

"Haya. Fumbua."

Kilikuwa chumba kidogo, upana wa mtu aliyenyoosha mikono, kwenye ile kona ya nyuma walikozoea kurundika mabaki. Palikuwa na kiti chenye mto, benchi la kusugulia kingo, ndoo ya maji, mawe na karatasi za msasa. Mbele ya kiti, mahali ambapo pangekuwa na ukuta, palisimama kioo kutoka kiunoni hadi darini, na kupitia kwake aliiona karakana nzima, rangi yake imefifia kana kwamba imechovywa kwenye chai.

"Sasa ona!" Mdogo wake akatoka mbio, akazunguka, akasimama upande wa pili. Akatoa ulimi. Akazilaza nywele zake. Akageuka ubavu, akaingiza tumbo. Alikuwa akijitazama mwenyewe. Kisha akarudi anahema na kucheka. "Umeona? Wewe unawaona wote, wao hawakuoni. Wanadhani ni kioo cha kujitazamia. Hata ukiwazomea usoni hawana habari."

Dada yake akakigonga kioo kwa ukucha. Alikijua. Alishakata vingi vya namna ile kwa ajili ya ofisi ambamo mkubwa hupenda kuwatazama wadogo bila kutazamwa.

"Na taa?" aliuliza.

Kicheko cha mdogo wake kikakatika. "Taa usiiwashe. Si lazima. Kusugua kingo ni kazi ya vidole, Dada, wewe unaweza hata ukiwa usingizini."

"Sasa ile pale juu imewekwa ya nini?"

"Fundi umeme aliiweka kabla sijamwambia."

Kioo cha namna ile watu husema kina upande wa kuona na upande wa kutoona. Si kweli. Hakina upande. Kinachoamua ni mwanga: aliye gizani huona, aliye kwenye mwanga huonekana. Ukiwasha taa kali upande wa gizani, mambo yanageuka palepale. Mdogo wake aliyajua hayo kama alivyojua jina lake, maana wote wawili walikulia chini ya meza moja, wakichezea vumbi la vioo huku wakigombezwa. Alijua, na bado alikijenga kile chumba, akakipaka rangi, akakitilia kiti chenye mto.

"Na kukata?"

"Nitakata mimi. Kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Dada, unawajua watu. Mtu anakuja kununua kioo, anataka kujiona mzuri. Sasa akiingia tu akakuta..."

"Akakuta nini? Malizia."

 Mdogo wake alikishika kitasa cha mlango, akakiachia, akakishika tena.

Dada akakaa. Hakukaa kwa kukubali. Alikaa kwa sababu miguu ilikuwa haijazoea tena kusimama, na kwa sababu alitaka kwanza aujue mtego ulivyotegwa.

Jiko la mafuta lilimlipukia akichemsha maji ya kuoga. Hakukuwa na siri wala adui. Moto ulichukua upande wa kushoto wa uso kuanzia kwenye nywele mpaka tayani, ukachukua sikio, ukachukua mgongo wa mkono. Alipotoka hospitali akapelekwa kwa mama yao, akakuta misumari mitupu ukutani. Mama alikuwa ameviondoa vioo vyote. Cha chumbani, cha bafuni, hata kile cha ndani ya kikopo cha poda alikibandua kwa kisu. Akavifunga kwenye mablanketi, akavisukuma chini ya kitanda, na sinia linalong'aa akaligeuzia ukutani. Nyumba ya watu wa vioo ikawa haina kioo hata cha dawa.

Ila mama alisahau miwani iliyo puani mwake. Kila asubuhi alipoinama kumpaka dawa karibu na dirisha, binti yake aliwaona wanawake wawili wadogo, mmoja katika kila kioo, wakubwa kama punje za maharage. Nusu weusi, nusu wekundu.

"Inama kidogo, Mama."

"Unataka nini, mwanangu?"

"Basi tu."

Miezi yote ile uso wake ulikuwa wa kiasi hicho, punje ya haragwe. Siku alipouliza vioo vyake viko wapi, mama akamwambia, "Utajitazama ukipona."

"Nimepona."

"Basi utajitazama ukizoea."

"Nitazoea vipi kitu nisichokiona?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaifuta tena.

Leo dada mtu, fundi wa kukata vioo, alikuwa amerudi kazini. Alikuwa ameamka mapema, amejifunga kilemba vizuri na kuliacha shavu wazi makusudi, na barabarani alikuwa amewasalimu watu kwa sauti ya juu ili wasipate nafasi ya kugeuka. Yote hayo ili aifikie meza. Ile meza ya dirishani marehemu baba yao aliiweka pale kwa sababu. "Kioo hukatwa mwenyewe akiona," alikuwa akisema. "Ukikikatia chumbani, hata ukate sawasawa, ataondoka akiamini umempunja." Akamkabidhi binti yake almasi, mwanamke, mbele ya barabara nzima. Wapo waliokuja kutazama ili wacheke, wakaishia kununua. Mdogo wake alipewa fremu na oda na kupeleka mizigo, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika.

Aliyalowesha mawe, akaanza kusugua ukingo wa kioo kidogo cha mezani. Vidole vilifanya kazi, macho yakabaki yakitazama karakana iliyochovywa kwenye chai.

Akagundua jambo ambalo kule mezani hakuwahi kuliona kwa sababu alikuwa ameinama. Kila aliyeingia aliukuta uso wake ukutani, akautengeneza kabla hajatoa salamu. Baba mmoja mwenye kitambi aliyefuata kioo cha kabati alipita akiwa amebana pumzi mpaka alipotoka mlangoni, ndipo akaiachia. Kijana mmoja alikisogelea kile kioo cha giza, akafungua kinywa, akatoa uchafu wa meno kwa ukucha, kiasi cha shubiri moja kutoka pua ya fundi. Fundi alitamani kumwambia umeacha kimoja, cha nyuma.

Baadaye alikuja Polepole, mbebaji wa vioo, aliyepewa jina hilo kwa neno analolipiga kelele siku nzima akiwa na mzigo mgongoni. Alisimama mbele ya kioo, akakigonga.

"Hodi humo, Fundi! Sikuoni. Najiona mimi, na mbona nimezeeka hivi?"

"Ulizeeka zamani, ni leo tu umeambiwa!"

Polepole akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasogeza mdomo, akanong'ona kana kwamba kioo kina sikio. "Kifungo chako kinaisha lini?"

 Fundi alipeleka kidole kwenye ukingo aliokuwa akiusugua. Ulikuwa laini tangu saa nyingi. Alikuwa akisugua bure.

Mchana, jua likiwa limebaki dirishani na nyuma ya karakana kukiwa na kivuli, aliingia mwenye saluni. Huyu ni mwanamke mnene, mcheshi, ambaye sauti yake hutangulia kuingia yeye akiwa bado barabarani. Vioo vyote vya saluni yake vilikatwa na fundi, na hakuna hata kimoja ambacho hawakukibishania bei kwa vicheko.

"Nataka kile kikubwa cha pale," alimwambia mdogo wake fundi. "Nikatieni vipande viwili. Nimeongeza viti. Dada yako yuko wapi? Changu hukata yeye."

"Yupo nyumbani, bado anapumzika."

"Mpaka leo?"

"Bado hajiwezi."

Fundi aliacha kusugua.

"Maskini!" mwenye saluni akasema. "Nilisikia uso wote umekwenda. Mtu aliyekuwa mzuri vile! Bora akae ndani tu, atoke aende wapi?"

Huku akisema alikuwa akikisogelea kioo cha giza, akiinyoosha skafu yake. Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Fundi alimwona kope moja moja. Na kwa kuwa mwanamke yule alidhani yuko peke yake na sura yake, aliuacha uso uporomoke, midomo ikalegea, macho yakajaa machozi. Alikuwa anamlilia kweli. Hapo ndipo fundi alipochomwa moyoni. Mwanamke yule angekuwa anasengenya, fundi angemcheka. Lakini huyu alikuwa anafanya matanga, na maiti amekaa mbele yake anapumua.

Fundi aliunyoosha mkono wa kushoto, ule wenye ngozi iliyobana, akaifikia swichi, akaibonyeza.

Karakana ikatoweka. Badala yake, mbele yake alikaa mwanamke mwenye kilemba, jiwe la kusugulia mkononi. Upande wa pili wa kioo, ambako sasa hakuona kitu, mtu alipiga ukelele, "Mama yangu wee!" na kitu kizito kikaanguka.

Hakuinuka. Alikuwa na shughuli.

Upande wa kulia ulikuwa ule ule, umekonda kidogo. Wa kushoto ulikuwa kama kioo kilichopata moto kikaanza kumwagika, kisha kikapoa kabla hakijafika kilikokuwa kikienda: mahali pengine kinang'aa, mahali pengine kimekunjamana. Nyusi haikuwepo. Sikio lilikuwa limejikunja kama jani. Pembe ya mdomo ilikuwa imevutwa juu, akaonekana kama mtu anayetaka kuanza utani. Na jicho lilikuwa zima. Lilimkazia, kali, halipepesi, kama mteja anayetafuta dosari.

Aliusogelea ule uso. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. 

"Kumbe ni wewe," aliuambia. "Karibu."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Zima taa! Dada, zima taa, anakuona!"

"Namsikia."

"Zima basi!"

Mdogo wake aliirukia swichi. Fundi akaushika mkono wake kabla haujafika, na akamshika kwa mkono uleule wa kushoto, ili auhisi.

"Umemwambia niko nyumbani."

"Nilikuwa nakulinda."

"Hatua mbili kutoka meza yangu, nakusikia kwa masikio yangu. Hajiwezi. Mimi? Ni nani aliyekufundisha kushika almasi? Ni nani aliyekutoa kigae kwenye unyayo ukilia kama mbuzi?"

"Dada, ungewaona jinsi wanavyosema! Mimi ndiye niko hapa kila siku. Wananiuliza kwa kunong'ona, kama tuna msiba. Sikutaka ukutane na macho yao. Nimekijenga hiki kwa mikono yangu, nikakitafutia mpaka mto..." Sauti ilimkatika. Alikuwa analia, kijana mtu mzima, na dada yake akamwonea huruma, lakini mkono hakuuachia.

"Mto ni mzuri," alisema. "Chumba sikitaki. Mimi sikai gizani ili wengine wastarehe. Anayesumbuliwa na sura hii, macho ni yake, ayafumbe yeye."

Akatoka. Taa akaiacha inawaka.

Mwenye saluni alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkono kifuani, mkoba wake umemwagika sakafuni, na Polepole akimpepea kwa kipande cha boksi. Alipomwona fundi anakuja hakuthubutu kumtazama. Aliutazama ukuta. Lakini ukuta ulikuwa umejaa vioo, na fundi alikuwamo katika kila kimoja, na macho ya mwanamke yule yakawa yanaruka kutoka kioo hadi kioo, yanachungulia, yanakimbia.

"Mwenzangu," fundi akasema, "ukiyaona macho yangu kwenye kioo, jua na mimi nayaona yako. Humo hamna pa kujibanza. Geuka tu unitazame."

Mwenye saluni aligeuka, shingo ngumu. "Nisamehe. Sijui hata niangalie wapi."

"Angalia hapa." Akalielekeza lile shavu la kushoto dirishani, kwenye jua. "Anza na upande huu, usifanye haraka. Ukimaliza tutazungumza habari ya kioo chako."

 Barabarani pikipiki ilipita, na Polepole akasahau kupepea. Mwenye saluni alitazama, kwanza kwa kuiba, halafu kwa wazi, kama anavyotazama kichwa cha mtu kabla ya kushika kitana.

"Inauma?"

"Jua likikaza. Na nikicheka inavuta."

"Basi leo sikuchekeshi."

"Huwezi kujizuia, nakujua. Ukianza kutaja bei tu nitacheka."

Mwenye saluni akaguna, guno likageuka kicheko, kicheko kikachanganyika na kilio, akajipangusa kwa skafu aliyokuwa ameinyoosha kwa bidii. "Una maneno bado, wewe mwanamke."

"Ziliungua nyusi, si maneno."

Sasa ilibaki meza. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, macho mekundu, na almasi iko mfukoni mwa shati lake. Fundi alinyoosha mkono.

"Nipe."

"Kioo chenyewe kikubwa, Dada. Na ule mkono wa rula?" Alisema kwa upole, na hilo ndilo swali ambalo fundi mwenyewe alikuwa akijiuliza njia nzima. Mkono wa kulia hukata, lakini ni wa kushoto unaoibana rula isiteleze, na vidole vyake siku hizi havitanuki vyote. "Kikivunjika hicho..."

"Kikivunjika nitakata kingine. Nipe."

"Nishike rula mimi, wewe ukate."

"Utashika ncha ya kioo, kama zamani. Rula yangu naishika mwenyewe."

Walitazamana. Polepole akakohoa. Hatimaye mdogo wake akaitoa almasi mfukoni, akaigeuza mpini mbele, kama walivyofundishwa, akamkabidhi. "Na kile kioo cha giza?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kina pesa yetu."

"Kiweke mbele kiuzwe. Wenye mambo ya kuficha hawakosekani."

Wakakilaza kioo kikubwa juu ya blanketi la meza, uso juu, Polepole akisema polepole, polepole. Dirishani wapita njia wawili walikuwa wamesimama, mmoja ameweka viganja kando ya macho ili aone ndani. Fundi hakuwapa mgongo. Alipima, akaweka alama kwa kalamu ya nta, akainama.

Uso ulikuwa pale chini, mkubwa, ukimtazama kutoka ndani ya meza, na mstari aliotakiwa kuukata ulipita juu ya shavu la kushoto. Angeweza kuzunguka akakatia ng'ambo. Hakuzunguka. Aliilaza rula ya mbao pale pale. Akavibandika vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja, ngozi ikivuta mpaka kwenye kifundo, ikiwaka. Kidole cha mwisho kikagoma. Akaongeza kiwiko, uzito wa mwili wote ukaja juu ya mbao. Rula ilitikisika, kisha ikatulia.

Akaichovya almasi kwenye mafuta.

Mstari wa kioo haurudiwi. Ukiupitia mara ya pili kinapasuka kinavyotaka chenyewe. Alivuta pumzi, akaupeleka mkono, moja kwa moja, kutoka kwake kwenda mwisho wa meza, na kioo kikatoa ile sauti nyembamba kama hariri inayochanwa.  Alikigonga kwa chini kwa mpini, mara moja, na ufa ukatembea taratibu chini ya macho yao, ukipita katikati ya dari, katikati ya shavu, mpaka kwenye vidole vya mdogo wake.

"Inua upande wako," alisema.

Mdogo wake aliinua. Kipande cha fundi kilibaki kimelala, kina dari na uso wake. Cha mdogo wake, kwa kuinama kidogo tu, kiliimeza barabara yote ya nje, na ndani yake watu walikuwa wakitembea vichwa chini miguu juu, mizigo mikononi, wakiingia kwenye ukingo mpya mmoja baada ya mwingine.